Kuku wa Kwenye Kapu la Chai

Hapana, sikuila mimi. Najua hamjaniuliza, lakini mtaniuliza tu, kila anayesikia habari hii lazima aulize: sasa bibi, ile firigisi ya kwanza nani aliila, na ile ya pili? Si mimi. Mimi firigisi nimeionja nikiwa tayari na wajukuu, na nikaona hata si tamu kivile. Nikajisemea, hee, kumbe ni kidude hiki ndo kilitaka kunirudisha kwetu Lupepo!

Yote yameanza na hili sufuria. Mjukuu wangu wa kike, mke mwenzangu huyu, kaja nalo kutoka Mbeya ndani ya boksi. La umeme. Moto huuoni, mvuke wenyewe wa kubahatisha, limekaa pale mezani kama mgeni asiyejua kusalimia. Asubuhi kaweka kuku na maji na vitunguu, kaviringa madonge ya unga wa ngano, kayatumbukiza, kafunika. Nikamwuliza, "Sasa?" Akanijibu na kile kisauti chake cha kwenye simu, cha puani: "Ndo tayari, bibi. Linapika taratibu lenyewe. Wewe nenda zako shamba, ukirudi limeiva. Teknolojia, bibi!"

Nilicheka mpaka kitenge kikafunguka. Nikamwambia, mke mwenzangu, hiyo teknolojia yako mimi nimeipika kwenye kapu la kuchumia chai, mama yako hajazaliwa. Kuku huyo huyo, na madonge hayo hayo. Na nusura yanivunjie nyumba.

Akavuta kigoda akakaa. Basi na nyinyi kaeni.

Uhuru ulikuwa umeshakuja, na Ujamaa nao ukawa umefika huku kwetu kwenye mvua. Mimi ni mke mpya. Nimetolewa Lupepo nimeletwa Kisondela, mume wangu yuko kiwanda cha chai, namwona Jumapili mpaka Jumapili. Siku nyingine zote niko na mama mkwe. Na baba mkwe. Sasa hapo kwa baba mkwe ndo pa kuelewa vizuri, maana nyinyi wa siku hizi mnawapiga wakwe zenu picha.

Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto alikuwa hamwoni baba mkwe. Sisemi kuinamisha kichwa. Hamwoni! Akija njia hii, wewe unaingia kwenye migomba. Akiongea, unajifunika. Jina lake halipiti mdomoni mwako. Zamani haikuwa kazi kubwa, vijana walijenga kwao na wazee kwao, unaweza kumaliza mwezi hata kivuli chake hujakiona. Lakini Ujamaa ukasema tusogee, nyumba zipangwe mstari kama mahindi. Kiongozi wetu wa nyumba kumi akaja na kamba yake, anapima, anapaza sauti kama yuko mkutanoni na wakati tuko watu watatu na mbuzi: "Ndugu wananchi! Ujamaa ni kuishi pamoja!" Akachomeka kijiti cha nyumba yangu hatua ishirini kutoka mlango wa baba mkwe. Kuishi pamoja, na mtu nisiyetakiwa kumwona!

Nisingeweza. Nasema kweli, nisingeweza, kama si yule mzee mwenyewe. Alikuwa anakohoa. Kabla hajafungua mlango wake, anakohoa mara tatu: kho, kho, kho. Halafu anangoja. Si ugonjwa, kifua chake kilikuwa kizima kuliko changu. Alikuwa ananiambia, mtoto, natoka, jifiche. Na mimi nitakuwa nimeshika ndoo au mtoto wa jirani au kuni, natua, nakimbilia migombani. Mvua ya huku mnaijua. Asubuhi nyingine nateleza, naokota ndoo, nateleza tena, na yeye amesimama nyuma ya mlango wake anasikiliza mpaka miguu yangu itulie ndo anatoka. Mwanaume mwingine angetoka tu, aibu ingekuwa yangu. Sura yake mpaka leo naijua kwa picha ya kwenye kadi yake ya chama. Lakini ule ukohozi, hata leo nikiusikia barabarani nitakimbilia migombani.

Mama mkwe naye alikuwa na sauti kama mlango wa mbao mbichi. Anaanza chini, anapanda: "Eee gweee, mwana wa watu, maji hayooo!" Kila siku. Asubuhi ananiamsha nayo, usiku ananilaza nayo. Nilikuwa nikienda kisimani nawaigizia wenzangu, wanacheka mpaka wanamwaga maji.

Sasa firigisi. Mnajua ya nani. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye mji, na mwenye mji hali peke yake, anakula na wa rika lake. Wanakaa wazee wanne, bakuli katikati, firigisi juu kabisa kama kofia. Wakiikosa hawasemi kitu. Wanatazamana tu. Na kule kutazamana maana yake: huyu mwenzetu kwake hana heshima.

Kuku wa kwanza niliyempika pale, nilienda kuteka maji, kurudi firigisi hakuna. Mama mkwe akakoroga chungu, akakoroga, akasema, "Paka." Yakaisha. Kuku wa pili, nilitoka kidogo tu kuchukua kuni uani. Firigisi hakuna. Hapo akaacha mwiko, akashika kiuno, mlango ukaanza kufunguka taratibu: "Mara ya kwanza ni paka. Mara ya pili, paka amevaa kitenge. Mara ya tatu, mwana wa watu, utajibebea mzigo wako urudi Lupepo, na baba yako aturudishie ng'ombe wetu."

Alikuwa hatanii. Na mimi nilikuwa sitaki kurudi. Mume wangu nilikuwa nampenda, hilo mjue, ameshakufa hawezi kuringa. Tena nilikuwa na mimba changa ambayo sijamwambia mtu, ndo baba yake huyu mwenye sufuria. Nikirudishwa kwa wizi wa firigisi, Lupepo nzima wataniita nani? Nikawa silali.

Hapo katikati ndo akaja bibi maendeleo, yule wa serikali wa kufundisha kina mama vijijini. Mungu amlipe popote alipo. Alikuwa anatoka Tukuyu mjini kwa baiskeli, mtu wa pwani, mwembamba, Kiswahili chake kinateleza kama kimepakwa mafuta, sisi na kile chetu cha milimani tunamtazama mdomo tu. Akatukusanya ghalani, ameweka kapu mbele. "Kina mama wapendwa! Kuni zaisha. Migongo yaisha. Nanyi mwaenda shamba la kijiji tangu alfajiri, mwarudi jua la utosini, watoto walia njaa. Chungu kikishachemka sawasawa, kitieni kapuni, kivisheni nguo, kitajipikia chenyewe!"

Jirani yangu mmoja akanong'ona, lakini kunong'ona kwake ni kwa kuitia ng'ombe: "Chungu kinachopika bila moto ni cha mchawi."

Bibi maendeleo akasikia. Hakukasirika. Akasema, "Basi leo mtakula cha mchawi, bibie, nawe utaomba uongezwe." Na kweli aliomba.

Siku hiyo hiyo akatufundisha madonge. Unga wa ngano, chumvi, yai moja, unakanda, unaviringa, unayatumbukiza kwenye mchuzi wa kuku. "Kuku mmoja, watu wanane," akasema. "Donge lanywa mchuzi, nawe wala donge wadhani wala kuku." Mimi nilikuwa sijawahi kwenda shule hata siku moja, kalamu naishika kama kisu. Lakini yale nilisikia mara moja yakakaa.

Jumapili mume wangu akaniletea kapu la kuchumia chai, lile refu la kubeba mgongoni, mkanda umekatika, kiwandani wamelitupa. Nikalijaza majani makavu ya mgomba, nikaacha shimo katikati la kukaa chungu, juu nikatafuta blanketi kuukuu. Nikajaribu na maharage. Nimeyachemsha kabla ya kengele ya kutuita kazini, nikayafunga, nikaenda shamba la kijiji, narudi saa nane yameiva yanapumua. Mwenzenu nililia. Mnacheka? Hamjawahi kurudi shambani na mvua mgongoni, mkaanza kupuliza kuni mbichi na moshi machoni na mtu anakuita "eee gweee". Siku ile nilikaa chini. Nilikaa, nikanyoosha miguu, nikamsikiliza mama mkwe anavyoita, na chakula kipo. Ndaga fijo, nikasema. Nikalishukuru kapu.

Mama mkwe alilizunguka kama kuku anayezunguka nyoka. Akaonja maharage. Akasema, "Hayana moshi." Hata leo sijui kama alisifu au alilalamika.

Ndo akaamua yeye mwenyewe: wazee wa rika la baba mkwe watakuja kula siku ya shamba la kijiji, tukitoka kazini. Jogoo mwekundu achinjwe. "Na umpike kwenye hilo kapu lako," akaniambia, "na hayo madonge yako. Na mara ya tatu nimeshakwambia."

Sasa fikirieni na nyinyi. Siku ya shamba la kijiji wote tunatoka, kengele ikigongwa, lile rimu la lori lililotundikwa, hakuna wa kubaki. Kapu litabaki ndani peke yake tangu alfajiri mpaka saa nane. Mlango wenyewe wa mianzi, unafungwa na kamba, hata mbwa anaufungua. Firigisi nitaificha wapi? Nikiifunga kwenye kitenge nikaenda nayo shamba, wakinikuta nayo nimekwisha. Nikiitundika darini, panya. Nikawaza usiku kucha kama waziri.

Nikapata. Ndani ya donge! Nani ataiba donge? Mwizi atafunua, atakoroga, ataona mapaja na madonge, firigisi haoni, atafunika. Na mimi nikirudi nalijua donge langu, naliweka juu ya bakuli, namwambia mama mkwe liko hapa. Nilijiona nina akili kuliko wale wote waliosoma.

Ingeishia hapo ingekuwa salama. Lakini nikataka kumfurahisha yule mzee. Nilijua meno yake yamebaki machache, maana nilikuwa nasikia akitafuna mahindi kule ng'ambo, anatafuna kama anahesabu. Nikasema, madonge ya bibi maendeleo magumu kidogo, yatamsumbua. Wiki ile nilikuwa nimeenda sokoni Tukuyu kuuza ndizi, na pale sokoni kulikuwa na mama mmoja wa Kiislamu anakaanga maandazi, mtu mkunjufu, baibui lake jeusi lina unga mpaka mabegani. Nikamwambia shida yangu. Nikampa kichane cha ndizi. Akanifungia hamira kwenye kikaratasi, akasema kwa sauti ya chini kama ananipa dawa ya mapenzi: "Tia kidogo tu, mwanangu, donge litakuwa pamba. Kidogo. Hamira ikizidi haina adabu."

Ndaga, mama, nilikusikia. Ila nilikuwa na woga. Na mtu mwenye woga hapimi. Alfajiri ile nikatia ya siku ile, nikatia na ya kesho.

Nikamchemsha jogoo mpaka akalegea. Nikaviringa madonge kumi na nane. Moja nikalipasua, nikaweka firigisi ndani, nikaliziba vizuri, halafu juu nikabonyeza kidole gumba. Shimo zuri, kama kitovu. Hilo ndo alama yangu. Nikayatumbukiza, yakachemka, nikafunika, nikavisha kapu blanketi, na rimu likalia: ngeee, ngeee, ngeee.

Shambani siku ile nililima mstari wa mtu mwingine. Kiongozi wa nyumba kumi ananipigia kelele, "Ndugu, ndugu! Huo mstari si wako!" Mimi namwambia, Ujamaa, ndugu, yote yetu. Watu wakacheka, lakini mimi roho iko kwenye kapu.

Saa nane nikafika mbio. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu anahema. Wazee walitangulia kutoka shamba, wameshafika uani kwa baba mkwe, nasikia wanavyokaa, magoti yanalia. Nikatoa blanketi. Nikafunua.

Harufu hiyo! Mke mwenzangu, hilo sufuria lako linukie mpaka kesho halitafika pale. Jogoo ameachia mifupa. Na madonge? Nilipoyaweka yalikuwa kama mayai. Sasa yalikuwa kama vichwa vya watoto wachanga, yamebanana, yameng'aa, yote yanafanana. Kitovu hakuna. Hamira imeinua kila kitu, shimo langu imelifuta.

Mama mkwe akachukua mwiko. Akakoroga. Nikasikia pumzi yake inabadilika.

"Iko wapi?"

"Iko ndani ya donge, mama."

"Donge lipi?"

"Sijui, mama. Nililitia kitovu. Kimepotea."

Akatua mwiko, akashika kiuno. Halafu mlango wa mbao mbichi ukaanza, chini kabisa: "Mara ya kwanza paka. Mara ya pili paka amevaa kitenge. Mara ya tatu firigisi imeingia yenyewe kwenye donge, ikajifungia, ikapotea kitovu."

"Tuyapasue, mama. Yote. Nitakuonyesha."

"Nipeleke makombo kwa wazee? Madonge yaliyopasuliwa kama yametoka mdomoni kwa mbwa? Kunja vitu vyako."

Akapakua. Akabeba bakuli, akaenda. Mimi nikazungukia nyuma, nikaingia migombani nikajikunyata pale karibu na ukuta, nimejifunika kitenge mpaka kichwani. Siwezi kuwaona, wala wao kuniona. Nasikia tu.

Ngoja kidogo nimtendee haki mama mkwe, maana nimemwigiza sana. Huyu mama ndo alinizalisha watoto wangu wote kwa mikono yake. Na alipozeeka, akawa hawezi kutafuna, mimi ndo nilikuwa namlisha madonge hayo hayo, nayaponda kwenye mchuzi. Siku moja, kijiko kiko mdomoni, akasema, "Ile ya kwanza ilikuwa paka kweli." Nikamwuliza, na ya pili, mama? Akafumba macho, akacheka bila sauti mpaka mchuzi ukamtoka. Sikuuliza tena. Ndo maana nimewaambia, si mimi.

Basi nimejikunyata. Nasikia bakuli linatua. Nasikia mama mkwe anapiga magoti, na sauti yake safari hii si ya mlango, ni ndogo, imevunjika. "Wazee wangu, mnisamehe. Firigisi haipo. Ni mara ya tatu. Mkwe ameila. Kesho atarudi kwao."

Ndo wanatazamana sasa, nilijua. Halafu nikasikia mikono inaingia bakulini, maana aibu ni aibu lakini jogoo alinukia, na kila mzee akachota donge lake.

Akaanza kiongozi wa nyumba kumi, naye alikuwa wa rika hilo hilo, mdomo umejaa: "Ndugu wajumbe. Jambo hili si dogo. Katika Ujamaa hatutaki unyonyaji. Mtu akila jasho la mwenzake ni mnyonyaji. Akila firigisi ya mkwe wake, je?"

Akadakia mzee wa kanisa, yule wa sauti ya kuombea wafu: "Hawa alikula tunda. Na tunda lilikuwa moja tu. Hizi ni firigisi tatu."

"Naunga mkono," akasema wa tatu, ambaye alikuwa anaunga mkono kila kitu. "Haya madonge laini, lakini naunga mkono."

"Basi tuseme kesho asubuhi," akasema kiongozi. "Nitatoa watu wawili wamsindikize. Kwa utaratibu."

"Kwa amani," akasema mzee wa kanisa.

"Naunga mkono."

Mimi nyuma ya ukuta nimeshika tumbo langu. Nikawa nahesabu njia: nitapita wapi kesho ambapo hawatanicheka. Nikamngoja baba mkwe aseme. Mji ni wake, akisema nenda, ndo nenda. Lakini alikuwa hasemi. Wenzake wanaongea, wanaamua, na yeye namsikia anatafuna tu. Taratibu, upande huu, halafu upande huu, kama anavyotafuna mahindi.

"Mwenzetu," kiongozi akamwita, "mbona umenyamaza? Mji ni wako. Tuambie, mkwe aende au asiende?"

Akatafuna tena kidogo. Halafu akakohoa: kho, kho, kho. Nikajivuta zaidi kitenge usoni, maana nilidhani anainuka. Hakuinuka. Akasema, na mdomo wake umejaa:

"Firigisi ninayo mdomoni. Hebu nyamazeni nimeze."